Alama Tunazotumiana na Deni la Upendo

Je, mtu aliyetuma alama ya mikono iliyokunjwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yake ameomba? Swali hili laweza kuonekana dogo, la vijana na simu zao, lisilostahili nafasi katika kitabu cha imani. Lakini tukilitazama kwa makini tutaona kwamba limebeba swali la zamani ambalo Kanisa limelitafakari tangu siku za mababa: alama ni nini, na anayeitoa anadaiwa nini?

Sharika zetu nyingi leo zinaishi sehemu ya maisha yao ndani ya makundi haya. Kuna kundi la jumuiya, la kwaya, la wazee wa kanisa, la wanawake, la vijana, la kamati ya ujenzi. Tangazo la msiba hufika huko kabla kengele haijalia. Michango huorodheshwa huko jina kwa jina, na ahadi ya kila mtu pembeni ya jina lake. Wagonjwa huomba kuombewa huko. Na majibu yetu mengi si maneno tena, bali ni alama: tiki, kidole gumba, moyo mwekundu, uso unaolia, mikono iliyokunjwa. Mkristo anayeishi kati ya alama nyingi namna hii anahitaji kujua jinsi ya kuzisoma na jinsi ya kuzitoa, kwa maana katika yote mawili jirani yake yumo.

Moshi na neno

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu juu ya mafundisho ya Kikristo ambamo alieleza habari za alama. Alifundisha kwamba alama ni kitu ambacho, zaidi ya kile tunachokiona kwa macho, hutuletea akilini kitu kingine. Kisha akazigawa alama katika mafungu mawili. Ziko alama za asili, zinazotokea bila yeyote kukusudia kusema neno. Moshi ukipanda nyuma ya migomba tunajua kuna moto, ingawa moto haukukusudia kutuarifu. Nyayo kwenye tope hutuambia mnyama amepita, ingawa mnyama hakutaka tujue. Ziko pia alama za kutolewa, ambazo kiumbe hai humpa mwenzake kwa kusudi la kumwonyesha kilicho moyoni mwake, na kubwa kati ya hizo ni neno.

Mgawanyo huu una umri wa takriban miaka 1,600, lakini unatufaa hata tukiwa na simu mkononi. Tiki ni kama moshi. Simu huitoa yenyewe, bila mwenye simu kukusudia kusema lolote. Mikono iliyokunjwa ni kama neno. Kuna mtu aliyeichagua, akaibonyeza, akaituma kwa mwenzake. Naamini makosa mengi tunayofanya katika makundi yetu ni ya aina mbili: tunausoma moshi kana kwamba ni neno, na tunatoa neno kana kwamba ni moshi. Tuyaangalie yote mawili.

Kusoma tiki kwa Amri ya Nane

WhatsApp ilianza mwaka 2009, na mwaka 2014 ikaleta tiki za bluu. Maana yake ni nyepesi. Tiki moja ya kijivu inasema ujumbe umetoka kwenye simu yako. Tiki mbili za kijivu zinasema umefika kwenye simu ya mwenzako. Zikigeuka bluu, ujumbe umefunguliwa kwenye simu ile. Haya ni mambo machache sana. Tiki haisemi kwamba mwenzako amesoma kwa utulivu, wala kwamba ameelewa, wala kwamba amekudharau. Huenda aliufungua akiwa amesimama kwenye daladala. Huenda simu ilikuwa mikononi mwa mtoto anayecheza. Huenda alisoma, akalia, akakosa cha kuandika.

Hata hivyo wachungaji wengi wamewahi kuketi na watu waliokosana kwa sababu ya tiki. "Nimeona ameusoma, Mchungaji, na hakunijibu." Kutokana na rangi ya alama ndogo, mtu ameshajenga hukumu nzima juu ya moyo wa nduguye: ana kiburi, ametutenga, ana neno na mimi. Moshi umegeuzwa kuwa tusi, na hakuna aliyetukana.

Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Martin Luther hakuishia kwenye katazo. Alieleza pia tunachoagizwa kutenda: kumtetea jirani, kusema mema juu yake, na kuyapokea mambo yake kwa tafsiri iliyo njema. Tukiipeleka amri hii kwenye kundi la WhatsApp, inakuwa kanuni ya usomaji. Pale ambapo alama inaweza kuwa na maana tano, na nne kati yake zinamwacha jirani yako akiwa mtu mwema, huna ruhusa ya kuichagua ile ya tano bila kumwuliza.

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1, kina mfano unaotuhusu sisi watumishi kwanza. Hana aliomba hekaluni, midomo yake ikicheza, sauti isisikike. Kuhani Eli akaitazama ile midomo akafikiri mama huyu amelewa. Alama ilikuwa ya kweli, tafsiri yake ilikuwa ya uongo. Lakini Hana alipojieleza, Eli hakushikilia hukumu yake. Aligeuza karipio kuwa baraka. Kama kuhani wa Shilo aliweza kukosea kuisoma midomo iliyo mbele ya macho yake, sisi tutawezaje kuwa na hakika juu ya moyo wa mtu aliye kilomita 20 kutoka hapa, kwa kutazama tiki mbili?

Ndani ya kundi kuna jambo jingine la kutafakari. Huko tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe umefika kwenye simu za wanakundi wote, na bluu haiji mpaka wote wameufungua. Kundi likiwa na watu 120, na 119 wamekwisha kusoma, lakini mmoja simu yake imeisha chaji, alama inabaki kijivu. Mashine haifikiri, wala haimpendi yule mmoja. Lakini msomaji wa Luka 15 hawezi kuitazama alama ile bila kumkumbuka mchungaji aliyewaacha 99 akamfuata mmoja. Kijivu kinamwambia kiongozi wa jumuiya kwamba hesabu bado haijatimia, na kwamba kuna mtu wa kumpigia simu.

Hata hesabu hiyo ina upungufu wake, kwa sababu huhesabu walio kundini tu. Bibi mwenye simu ya kitochi hayumo. Mzee aliyeuza simu yake ili alipe ada ya mjukuu hayumo. Tiki zote zinaweza kuwa za bluu, na huku bibi yule hajui kwamba ibada ya mazishi imesogezwa kutoka saa nane mchana hadi saa sita. Atafika kaburini watu wakishaondoka. Bluu ya kundi si bluu ya usharika.

Niongeze alama mbili ambazo wengi huziona bila kuzifikiria. Ya kwanza ni kufuli. Tangu mwaka 2016 programu hii huyafunga mazungumzo kwa namna ambayo hata kampuni inayoyapitisha haiwezi kuyasoma njiani. Ni ahadi nzuri, lakini ni ahadi juu ya njia tu. Haisemi lolote juu ya watu 120 walio mwisho wa njia, ambao kila mmoja anaweza kuupiga picha ujumbe wako na kuupeleka kwingine. Kwa hiyo anayeandika habari za ndoa ya mwenzake kundini "ili tumwombee" asijifariji kwa kufuli. Ya pili ni mshale, unaoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, haukuandikwa na aliyekutumia. Mishale miwili maana yake umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Mshale hausemi kwamba habari ni ya uongo. Unasema kwamba aliyekutumia si shahidi wake, na Mkristo asitoe ushahidi wa jambo ambalo hakuliona.

Picha zinazohitaji mfafanuzi

Picha tunazoziita emoji zina historia yake. Mwaka 1999, Mjapani Shigetaka Kurita alibuni picha 176 ndogo kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo. Mwaka 2010 picha za namna hiyo ziliingizwa kwa wingi katika Unicode, utaratibu wa kimataifa wa kuandika herufi kwenye kompyuta na simu, zikaenea duniani kote. Zilifika kwetu bila mkalimani. Mikono iliyokunjwa, kwa mfano, huko Japani hutumika pia kwa maana ya "tafadhali" au "asante", na wako watu kwingineko wanaoiona kama viganja vya watu wawili wanaopongezana. Sisi tumeipokea kuwa mikono ya sala kwa sababu hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuikunja tangu shule ya Jumapili.

Iko picha nyingine inayoleta taabu zaidi: uso wenye matone mawili makubwa ya machozi. Walioibuni walikusudia mtu anayecheka mpaka machozi yanamtoka. Lakini mzee mwenye macho yaliyochoka huona machozi tu. Tangazo la kifo linatumwa, naye kwa uchungu wa kweli anaweka uso ule mara tatu. Vijana wanashtuka, wengine wanacheka, wafiwa wanaumia, na kabla ya jioni mzee amekwisha kusemwa kwamba amefurahia msiba. Amri ya Nane inasimama hapo tena. Machozi ya mzee yalikuwa ya kweli kuliko mengi yaliyotumwa siku ile. Kilichokosekana ni mjukuu wa kukaa naye dakika tano na kumwonyesha.

Kuhitaji kufafanuliwa si aibu kwa alama, wala kwa anayeisoma. Waluteri wanalijua Waridi la Luther, lile lililo kwenye vitenge vya akina mama na kwenye kuta za makanisa yetu. Luther mwenyewe ilimbidi kulieleza. Mwezi Julai 1530, akiwa kwenye ngome ya Coburg, alimwandikia Lazarus Spengler wa Nuremberg barua ya kufafanua muhuri wake: msalaba mweusi ni Kristo aliyesulubiwa, ambaye kumwamini yeye kunatuokoa, moyo unabaki na rangi yake nyekundu kwa kuwa msalaba hauui bali huhuisha, waridi jeupe ni furaha na amani iletwayo na imani, uwanja wa buluu ni tumaini la furaha ya mbinguni ijayo, pete ya dhahabu ni uheri usio na mwisho. Kama mwenye muhuri alikaa akauandikia maelezo, sisi tusione uzito kuulizana, "Ndugu yangu, hii alama ulimaanisha nini?" Katika Yoshua sura ya 4 mawe ya Yordani yalisimamishwa ili siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi wajibu. Kwenye simu zetu zamu imegeuka: wazazi waulize, na watoto wajibu kwa heshima.

Biblia inatuonya pia juu ya kinyume cha hayo. Katika Waamuzi sura ya 12 watu walikamatwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa watamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka aliuawa. Alama iliyotakiwa kuwaunganisha watu kwa mawasiliano ikageuzwa kuwa mtego wa kuwatenga. Kila tunapomcheka mtu kundini kwa kutojua alama, tunajenga kivuko kidogo cha Shibolethi, na mara nyingi anayezama hapo ni mzee wa kanisa aliyetubatiza watoto wetu kwa ushuhuda wake.

Alama inayomfunga aliyeitoa

Mpaka hapa tumezungumzia kusoma. Kutoa alama ni kugumu zaidi, na ili tujifunze vema tumtazame kwanza Mungu anavyozitoa zake.

Katika Mwanzo sura ya 9, baada ya gharika, Mungu anauweka upinde winguni. Wengi wetu tulifundishwa kwamba upinde ni wa kutukumbusha sisi. Lakini soma tena aya ya 12 hadi ya 17. Mungu anasema kwamba upinde utakapoonekana, yeye mwenyewe atalikumbuka agano lake. Alama ile inamfunga kwanza aliyeitoa. Mungu ameandika ahadi yake mahali ambapo yeye mwenyewe ataiona, na dunia nzima ni shahidi.

Ndivyo zilivyo alama zote za Mungu. Katika Ubatizo maji hayasimami peke yake. Yameunganishwa na Neno na ahadi, na ahadi ile hutimizwa. Mwezi Oktoba 1529 huko Marburg, Luther na Zwingli walijadiliana juu ya Meza ya Bwana. Inasimuliwa kwamba Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Kristo kuhusu mwili wake, na hakukubali kuondoka kwenye maneno hayo. Waluteri tumeyarithi mabishano yale, na wakati mwingine tunayasimulia kwa kujivuna. Lakini kiini chake ni faraja: Kristo anapotupa alama haachi mkono mtupu. Anachokisema, anakitoa.

Sisi si Mungu. Emoji si Sakramenti, na asiwepo wa kunisoma hivyo. Lakini tumebatizwa kwa jina la yule ambaye alama zake hazina udanganyifu, na inatupasa alama zetu zianze kufanana na zake. Wahenga walisema ahadi ni deni. Alama ya kutolewa ni ahadi ndogo, kwa hiyo nayo ni deni.

Mikono 61

Mama mmoja aliwahi kunieleza jinsi alivyokaa hospitali siku tatu akimwuguza mtoto, huku mdogo wake akiwa mgongoni kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwachia. Jioni ya siku ya kwanza aliandika kwenye kundi akiomba maombi. Kabla ya kulala akahesabu. "Mikono 61, Mchungaji," aliniambia, "na sikupata mkono mmoja wa kunishikia mtoto niende dirisha la dawa." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anataja hesabu tu.

Waliotuma hawakuwa watu wabaya. Nikiwafikiria kwa Amri ya Nane, naamini kila mmoja aliguswa. Lakini angalia jinsi safu ile ya alama ilivyofanya kazi. Aliyefungua simu wa kumi aliona mikono tisa imemtangulia, akadhani kuna waliokwenda. Wa arobaini akawa na hakika. Kila mkono ulioongezwa uliwafariji waliofuata kuliko ulivyomfariji mwenye shida. Ile safu ndefu, iliyoonekana kama umati unaomzunguka mama yule, ndiyo iliyomficha.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo: je, kutuma mikono iliyokunjwa ni kuomba? Inawezekana kabisa kuomba bila sauti, kama Hana alivyoomba. Paulo katika Warumi 8 anasema Roho hutuombea pale tusipojua hata tuombe nini. Mtu aliyesimama kwenye foleni akamwinulia Mungu moyo wake kwa sekunde tatu, ameomba. Lakini sala yake ilikuwa pale moyoni, mbele za Mungu. Alama aliyoituma baadaye ni taarifa kwa mgonjwa kwamba sala imefanyika, au ahadi kwamba itafanyika. Taarifa inapaswa kuwa kweli, na ahadi inapaswa kulipwa. Mikono iliyotumwa na mtu ambaye hakuomba wala hataomba ni taarifa isiyo kweli, na jina la Mungu limetajwa ndani yake. Kwa hiyo inagusa Amri ya Pili pia.

Wengine watasema nakaza mno. Ile ni adabu tu, kama kusema "pole". Hakuna anayedanganyika. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. "Pole" yetu ni neno jema. Haijidai kuwa dawa, bali inasema nimekuona katika taabu yako. Kama mikono iliyokunjwa ingekuwa na maana ya "pole" na kuishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini alama hupata maana yake kutokana na swali inalolijibu. Mtu akisema, "Nimefika salama," ukamtumia mikono, umemshukuru Mungu pamoja naye. Mtu akisema, "Niombeeni, mtoto wangu anazidiwa," ukamtumia mikono ileile, hawezi kuelewa vingine ila kwamba utamwombea. Usiku ule anapokesha anaitegemea. Je, ni haki amtegemee mtu ambaye amekwisha kumsahau?

Sisi wa Kilimanjaro tunalijua isale. Ni mmea wa kawaida tu, hupandwa mipakani mwa kihamba na kwenye makaburi ya wazee, na jani lake halinunuliwi. Lakini mtu aliyemkosea nduguye akienda kwake na jani la isale, kila mmoja anajua kwamba amekuja kuomba msamaha, na aliyepelekewa hapaswi kulipuuza. Nguvu yake haikuwa katika jani. Ilikuwa katika miguu iliyolileta. Aliyelibeba alipita njiani majirani wakimwona. Alipiga hodi kwenye nyumba ambayo pengine aliapa kutoikanyaga. Jani lilikuwa bure, ila safari ilikuwa na gharama, na kwa gharama ile alama ikaaminika. Simu imetupatia jani bila safari. Ndiyo maana alama zake ni rahisi kutuma na ni vigumu kuzitegemea, mpaka sisi wenyewe tuirudishe safari.

Yakobo alikwisha kuliona jambo hili. Katika sura ya 2 ya waraka wake anamtaja ndugu asiye na nguo wala chakula, ambaye anaagwa kwa maneno ya amani na kutakiwa ashibe na kuota moto, pasipo kupewa kitu. Maneno yale yalikuwa mazuri. Hayakuwa na mkono ndani yake.

Kulipa deni

Katika Warumi 13 Paulo anatuagiza tusiwiwe na mtu kitu, isipokuwa kupendana. Deni hilo linalipwaje katika maisha ya jumuiya?

Kwanza, omba kabla ya kubonyeza. Sala ya sekunde kumi yenye jina la mgonjwa ndani yake inaifanya alama yako kuwa kweli. Kama huwezi kuomba sasa, andika, "Nitakuombea kesho asubuhi," kisha kesho asubuhi uombe. Na kama hutaomba, andika "pole". Ni neno la kweli, nalo lina heshima yake.

Pili, jumuiya iweke zamu. Kila juma awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzigeuza alama kuwa hatua: kumpigia aliyeomba maombi, kujua kinachohitajika, kumtuma aliye jirani, na kuwapelekea habari wale wasio na simu za aina hii. Kwa njia hiyo hakuna atakayedhani kwamba mwenzake amekwenda, kwa sababu jina la anayekwenda linajulikana. Ukienda, usisubiri kuelezwa la kufanya. Mgonjwa haulizwi uji.

Tatu, tusiwahukumu wasioweza kwenda. Yuko binti anayefanya kazi Muscat, yuko kijana aliye chuoni Mwanza, yuko bibi ambaye mwenyewe hatoki kitandani. Kwao alama inaweza kuwa ndiyo yote waliyo nayo, kama senti mbili za yule mjane wa Marko 12, na Bwana anajua uzito wake. Paulo aliandika nyaraka kwa sababu alikuwa mbali, na nyaraka zile zinatulisha hadi leo. Lakini Yohana katika waraka wake wa pili anasema ana mengi ya kuandika, wala hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino, kwa kuwa anatumaini kuja na kusema uso kwa uso. Hivyo ndivyo alama inavyotumika vema: inashika nafasi ya mtu mpaka atakapofika. Aliye mbali anadaiwa sala na sauti yake. Aliye mtaa wa pili anadaiwa miguu.

Basi leo jioni lifungue kundi la jumuiya yako, urudi nyuma juma moja, utafute mahali ulipotuma mikono iliyokunjwa. Juu yake kuna jina la mtu na shida aliyoitaja. Liombee jina hilo kwanza. Kisha mpigie umwulize mtoto anaendeleaje, na kama kesho ana wa kumshikia mdogo.